Kengele Niliyoiziba Mdomo

Nimepotea wiki kadhaa, najua, na wengine mmeniandikia kuuliza kama bado niko hai. Niko hai, kazi tu zimebana. Leo sitaandika kuhusu programu mpya wala jinsi ya kufufua kompyuta kuukuu kwa kuitia Linux. Leo nataka kuungama kosa. Nililifanya miaka michache iliyopita, hapa hapa upande wetu wa Changamwe, na kila nikisikia watu wanasema "hii alamu inasumbua, izime tu", moyo wangu unaruka.

Kwanza niwape picha ya mahali, kwa wale wasiojua Mombasa bara. Ukitoka kisiwani ukavuka Makupa, unaingia eneo ambalo pua ndiyo inakuongoza. Mafuta, dizeli, vumbi la malori. Mimi nimekulia hapa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kwa hivyo utoto wangu wote kilikuwa jirani. Gesi ya kupikia nayo inaingia nchini kupitia bandari yetu, inawekwa kwenye matangi makubwa upande huu wa bara, kisha inapakiwa kwenye malori kwenda Nairobi, Kisumu, hadi nchi jirani. Ule mtungi wa kilo 6 ulio jikoni kwako huko Kakamega huenda gesi yake ilipita karibu na nyumba yetu.

Basi, siku moja nikapigiwa simu na kampuni moja inayohifadhi gesi na kujaza mitungi. Jina silitaji, na wala lawama si yao, utaona. Walikuwa wamefunga vitambuzi vitatu vya gesi vya aina ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Haviinusi gesi, vinaisikiliza.

Mimi pia nilishangaa hivyo hivyo. Sasa tulieni niwaeleze, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Gesi ikiwa ndani ya bomba kwa presha kubwa, ikapata kitundu, hutoka kwa kasi ya ajabu. Presha ya ndani ikifika kama mara mbili ya hewa ya nje au zaidi, gesi hupita kwenye kile kitundu kwa mwendo wa sauti yenyewe. Fujo hiyo hutoa kelele, na sehemu kubwa ya kelele hiyo iko juu kupita uwezo wa masikio yetu. Sisi binadamu husikia mpaka kama kilohezi 20, tena ukiwa kijana. Kitambuzi hiki husikiliza kuanzia kama kilohezi 25 kwenda juu, kule wanakoongea popo. Kelele za kawaida za mashine, za honi na za watu wanaogombana getini nyingi ziko chini ya hapo, hivyo havishughuliki nazo.

Kwa nini usitumie tu kitambuzi cha kunusa? Kinatumika pia, na tena hufungwa chini karibu na ardhi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa kama maji. Lakini cha kunusa lazima gesi ikifikie. Sisi wa pwani tunajua upepo. Kusi ikivuma, gesi inaweza kuvuja mita tatu kutoka kwenye kitambuzi ikapeperushwa upande wa pili, nacho kikabaki kimetulia. Sauti haingoji upepo. Bomba likitoboka, kitambuzi cha kusikiliza kinajua wakati ule ule. Udhaifu wake ni kwamba hakiwezi kukuambia gesi imejaa kiasi gani hewani, na mvujo mdogo wa presha ndogo hakiusikii. Ndiyo maana vinafungwa vyote viwili, kila kimoja kikiziba pengo la mwenzake.

Sasa shida yao. Vitambuzi vilikuwa vinalia. Vinalia asubuhi, vinalia mchana, vinalia watu wakiwa kwenye swala ya adhuhuri. Kila vikilia, king'ora kinapiga, pampu zinasimama, watu wanakimbilia uwanja wa kukusanyikia, halafu hakuna kitu. Wiki ya kwanza walikimbia. Wiki ya pili walitembea. Wiki ya tatu, nilipofika mimi, king'ora kikalia mbele yangu na jamaa mmoja aliyekuwa anakunywa chai hakuweka hata kikombe chini. Kelele za chura, walisema wahenga, hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Meneja akaniambia, "Fundi, tusaidie. Madereva wanalalamika, kazi haiendi. Iweke vizuri hii kitu."

Mimi ni mwandishi wa programu. Mtu akiniambia kitu kinapiga kelele, akili yangu inaenda mbio kwenye namba. Kitambuzi kama hiki kina namba mbili kubwa za kupanga. Ya kwanza ni kiwango cha kengele, yaani sauti ifike desibeli ngapi ndipo kilie. Ya pili ni muda wa kusubiri, yaani sauti ikae juu ya kiwango hicho sekunde ngapi kabla ya kulia. Vyao vilikuwa vimewekwa desibeli 79 na sekunde 1.

Kuzibadili kulitaka kupanda ngazi hadi kwenye kifaa chenyewe, tena kwa kibali maalumu kwa sababu ya hatari ya moto. Nikaona huo ni ushamba. Nikajiambia, mbona kila kitambuzi kinatuma pia namba kwa waya hadi chumba cha mitambo? Nitaisoma kwa kompyuta, nitaandika programu nzuri yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, na king'ora kitaendeshwa na programu yangu. Mtu abadilishe viwango akiwa kitini. Meneja akafurahi sana. Nikaandika programu kwa siku nne.

Ile namba ikija kwa waya haiji kama desibeli. Inakuja kama mkondo wa umeme, kati ya miliampia 4 na 20. Mpango huu wa 4 hadi 20 ni wa zamani, unatumika viwandani duniani kote, na una hekima. Kwa nini uanzie 4 na si sifuri? Kwa sababu waya ukikatika, mkondo unakuwa sifuri, na mashine inajua kuwa hapo pameharibika. Ukimya wa waya uliokatika hauwezi kuchanganywa na utulivu.

Mimi nikachukua kwamba 4 ni desibeli sifuri na 20 ni desibeli 120. Nikapiga mstari kati yake, nikaendelea. Na chochote kilichokuja chini ya 4 programu yangu ilikiandika sifuri, rangi ya kijani. Kumbukeni sentensi hizo mbili.

Kisha nikapanga viwango. Nilisoma mahali kwamba sehemu zenye kelele nyingi huwekwa 84, nikaweka 84. Muda wa kusubiri nikaweka sekunde 60, ili nisisikie tena lawama. Tukawasha. Kimya. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, wiki nzima kimya. Skrini ya kijani mwanzo hadi mwisho. Meneja akaninunulia soda na kunipigia makofi mgongoni. Nikalipwa.

Kulikuwa na mzee mmoja wa zamu, mtu aliyefanya kazi na mabomba maisha yake yote. Mtu wa maneno machache. Siku niliyokwenda kuchukua hundi alikuwa amekaa mbele ya skrini yangu, mikono nyuma ya kichwa.

"Mwanangu," akaniambia, "hii umeiponya ama umeiziba mdomo?"

Nikacheka. "Mzee, imepona. Hailii tena."

"Hata maiti hailii."

Sikuwa na jibu. Akasema kesho yake fundi wa mabomba angekuja na mtungi wa naitrojeni, na yeye angependa tuijaribu. Naitrojeni haiwaki moto, lakini ikitoka kwa presha kwenye tundu dogo inapiga kelele ile ile ya juu. Ndivyo vitambuzi hivi vinavyopimwa.

Nitawaambia ukweli, sikulala vizuri usiku ule.

Asubuhi kabla ya kuingia nilipitia kwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi nje ya ukuta wa pale. Nilikuwa nakula kwake kila siku ya kazi hiyo. Ana jiko la makaa la kukaangia mahamri, ameliweka karibu na mtaro kwa sababu hapo pana kivuli cha mwembe. Watoto wa shule husimama hapo kununua la shilingi kumi wakiwa njiani. Sikuwahi kuuangalia ule mtaro. Siku hiyo niliuangalia. Unatoka ndani ya ukuta, chini ya sehemu ya kupakia malori, unapita miguuni pake.

Gesi nzito kuliko hewa, inatambaa kama maji. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa, inatosha kuwaka. Na mbele yake kuna makaa mekundu.

Sikumaliza mbaazi zangu.

Ndani, fundi akasimama hatua kama sita kutoka kwenye kitambuzi cha pili, akafungua mtungi. Hata kwa masikio yetu ya kawaida ilikuwa inafoka, ssssss, unahisi kwenye meno. Mimi na mzee tuko mbele ya skrini. Ikapanda hadi 78. Ikakaa hapo. Kijani. Sekunde thelathini. Sitini. Tisini. King'ora kimya. Mzee hakuniangalia. Alikuwa anaangalia tu ile rangi ya kijani.

Nikachukua mita nikapima mkondo kwenye waya. Miliampia 14.4. Nikafungua kijitabu cha kifaa, ukurasa ambao ningeufungua siku ya kwanza. Umeandikwa wazi: 4 ni desibeli 40, na 20 ni desibeli 120. Si sifuri. Arobaini.

Pigeni hesabu pamoja nami. Kutoka 40 hadi 120 ni desibeli 80, zimegawanywa kwa miliampia 16, kila miliampia ni desibeli 5. Mkondo wa 14.4 umepita 4 kwa 10.4. Mara 5 ni 52. Ongeza 40, ni 92. Kitambuzi kilikuwa kinapiga mayowe ya desibeli 92, na programu yangu nzuri inasema 78, tulieni. Ile 84 yangu kwenye skrini ilikuwa 96 halisi. Na desibeli si kama shilingi. Kila zikiongezeka 6, nguvu ya wimbi la sauti huwa maradufu. Kutoka 79 yao ya mwanzo hadi 96 yangu, nilitaka gesi ifoke kwa nguvu karibu mara saba ndipo nimwambie mtu akimbie. Tena baada ya dakika nzima.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Kuna kisa kinachofundishwa kwa watu wa mitambo. Tarehe 24 Julai 1994, kiwanda kimoja cha mafuta huko Milford Haven, Wales, kililipuka. Watu 26 walijeruhiwa, na kwa bahati hakufa mtu. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, wafanyakazi wawili waliokuwa zamu waliletewa kengele 275. Hakuna binadamu anayeweza kusoma hizo. Kengele nyingi mno ni sawa na kutokuwa na kengele. Hilo nililijua tangu mwanzo, na ndilo nililotumia kujitetea. Nisilolielewa ni kwamba ugonjwa wa kelele hautibiwi kwa kuziba masikio. Unatibiwa kwa kuuliza nani anapiga kelele na kwa nini.

Kwa hivyo tukaanza upya, mimi bila malipo, mzee akiwa mwalimu.

Kwanza king'ora nilikirudisha kwenye rilei ya kitambuzi chenyewe. Kompyuta ibaki kuonyesha na kuandika kumbukumbu tu. Kompyuta inaganda, inakatikiwa umeme, inapata virusi mtu akichomeka flashi yenye muziki. Maisha ya watu yasipitie hapo.

Pili nilirekebisha hesabu, na chini ya miliampia 4 skrini ikaandika HITILAFU kwa nyekundu. Si sifuri, si kijani.

Tatu, tukaacha programu iandike sauti kwa siku saba mchana na usiku, bila kubadili chochote. Jambo hili ndilo la kwanza kufanywa na ndilo nililoliruka. Huwezi kujua kelele ya hatari kama hujui kelele ya kawaida ya mahali pako.

Grafu ilisema yote. Kulikuwa na vilele vikali vya desibeli 90 hivi, vya sekunde 2 au 3, mchana tu. Mzee akaangalia saa zake, akasema, "Hizo ni breki." Malori yanatumia breki za upepo. Dereva akisimama na kuachia breki, psshh, ule upepo unatoka kwa presha kama gesi inayovuja. Foleni ya malori ilikuwa imesimama chini ya kitambuzi! Mashine haikuwa imekosea. Ilisikia upepo wa presha unatoka, ikasema upepo wa presha unatoka.

Na chini ya vilele hivyo kulikuwa na mstari wa 77 usioshuka, hata saa tisa usiku. Tukazunguka na sufuria ya maji ya sabuni, tukipaka kila kiungo cha bomba la upepo wa kompresa. Kwenye kiungo kimoja sabuni ikatoa mapovu kama mtoto anayechezea Omo. Spana, mizunguko miwili, basi. Mstari ukashuka hadi 73. Kompresa nayo, nadhani, ikapumzika.

Sasa, kanuni ya kawaida ni kuweka kengele angalau desibeli 6 juu ya kelele ya kudumu ya mahali. 73 ongeza 6.

79.

Ndiyo. Namba ile ile waliyokuwa nayo kabla sijafika. Haikuwa na kosa lolote. Kilichobadilika ni muda wa kusubiri, ambao tuliweka sekunde 10, unaozidi breki yoyote ya lori lakini hauli muda wa mtu wa kukimbia. Na foleni ya malori ikahamishiwa nje ya geti. Fundi akarudi na naitrojeni, safari hii hakusimama hatua sita. Alisimama kwenye kiungo cha mbali kabisa ambacho kila kitambuzi kilipaswa kukilinda. Tukasoma 83. Tukahesabu, mzee kwa vidole. Sekunde ya kumi king'ora kikapiga, na yule jamaa wa chai akaweka kikombe chini na kukimbia. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu anakimbia :-)

Jambo la mwisho lilikuwa daftari. Si la kompyuta, la karatasi, limefungwa kwa kamba mezani. Kila anayebadili kiwango anaandika tarehe, namba ya zamani, namba mpya, sababu, na mtu wa pili anatia sahihi. Mzee ndiye aliyeandika mstari wa kwanza. Kwenye sababu aliandika: "Imerudishwa kusikia."

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, wengine zaidi ya 270 wakajeruhiwa, nyumba na magari yakaungua. Mambo ya Embakasi yalikuwa tofauti na haya yangu, siwezi kuyalinganisha. Lakini nilipoona ule mwanga kwenye simu, niliona jiko la makaa, mtaro, na watoto wenye sare wakishika shilingi kumi. Nikakumbuka ile wiki moja skrini yangu ilipokuwa ya kijani na wote tukanipigia makofi, mimi nikiwa wa kwanza.

Ninyi mnaoandika programu, najua mnafikiri hili ni la watu wa gesi. Hapana. Mara ngapi tumeandika msimbo unaokamata kosa na kulimeza kimya kimya ili mteja asilione? Mara ngapi tumezima maonyo kwa sababu yalikuwa mengi? Mimi siku hizi nikiletewa kitu kinachopiga kelele, siulizi nikizimeje. Nauliza kinasikia nini ambacho mimi sikisikii. Na kabla sijasema kimepona, nakifungulia naitrojeni.

Yule mama bado anauza mahamri pale pale. Nilijaribu kumwomba ahamishe jiko upande wa pili wa barabara, akaniuliza kivuli atakitoa wapi. Tunaendelea kujadiliana. Wiki iliyopita alisogea mwembe wa pili, mbali kidogo na mtaro. Ni hatua.

Haya, niishie hapa. Nawe kama una kengele uliyoiziba mdomo, nenda kaifungue leo, kisha njoo utusimulie.